Madam ni wa Mzee Masese

Machakos
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwa Baba Mdogo Benard,

Chamgei. Natumaini barua hii inawakuta wazima huko Kapkatet, wewe na Mama Dorine, na kwamba ile mvua mliyokuwa mkiiombea kanisani imenyesha japo kidogo. Mimi mwili uko sawa. Chakula kiko, ingawa watu wa huku hawajui maziwa, chai yao ni maji yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Mwambie Mama Dorine nimekonda na ni makosa yake, alinizoesha vibaya.

Naandika kwa kalamu kwa sababu wewe na simu hamsikizani tangu masikio yaharibike, na hapa simu zetu zinafungiwa ofisini wiki nzima. Tunapewa saa moja Jumamosi. Hiyo saa nitaendelea kumpigia Mama Dorine, lakini kuna mambo hayawezi kupitia kwake akikuandikia nusu nusu kwenye karatasi ya sukari.

Baba Mdogo, naogopa. Tulianza masomo haya ishirini na wawili na tumebaki kumi na tisa. Kila mwisho wa mwezi kuna jaribio, na anayeanguka anafunga begi siku hiyo hiyo. Mwisho wa Juni ndio mtihani wenyewe: kila mmoja aandike programu ya kulinda tangi la maziwa la chama cha ushirika, ipime joto, iwashe baridi, ipige kengele mambo yakiharibika. Ukipita, unaajiriwa. Ukianguka, unarudi kuchuma majani chai.

Lugha tunayofundishwa inaitwa Rust. Ina kitu kinaitwa kompaila, yaani programu inayosoma kila ulichoandika kabla mashine haijakubali kukifanya. Hii kompaila ni kali kuliko dipti, yule naibu mkuu wetu wa sekondari. Mimi nina orodha ya vipimo vya joto. Naipa sehemu inayoonyesha namba kwenye kioo. Halafu sehemu ya kengele nayo inaitaka orodha ile ile. Kompaila inakataa, ati orodha imeshahama, mimi si mmiliki tena. Imehamaje na naiona hapo kwa macho yangu? Nina siku nne kwa kosa hilo moja. Wenzangu wako mbele.

Najua wewe si mtu wa kompyuta. Lakini nikikuandikia natulia.

Madam anaendeleaje? Mwambie asizae kabla sijarudi, huyo ndama nitampa jina mimi.

Ni mimi msichana wako mwenye wasiwasi,
Chepkorir

*

Kapkatet
23 Februari 2025

Chepkorir mwanangu,

Chamgei mising. Barua yako ililetwa na kijana wa stage ya matatu akaniita mara tatu nikiwa nimempa mgongo, mpaka akanirushia kokoto. Hivyo ndivyo ninavyoishi siku hizi. Ile miaka yote karibu na mashine za kusaga majani, mashine zilibaki na masikio na mimi nikabaki na barua ya kushukuriwa. Sisi ni wazima. Mvua ilinyesha siku mbili, halafu ikaja ya mawe ikapasua majani ya upande wa mtoni. Mama Dorine goti linamsumbua lakini mdomo uko sawa.

Nimelisoma swali lako mara tatu. Kwani hilo ni la kompyuta? Hilo ni swali la boma.

Wazee wetu hawakufuga ng'ombe wote mahali pamoja, kwa sababu ugonjwa ukiingia unamaliza. Unampelekea rafiki yako mmoja akae naye. Hiyo ndiyo kimanagan. Rafiki anakamua, anakunywa, watoto wake wananona. Lakini ng'ombe ni wako na ndama ni wako. Hawezi kumuuza, hawezi kumpa mwingine, na ng'ombe akifa anakuletea ngozi uione kwa macho.

Chukua Madam. Januari ya 2008, ile wiki baada ya uchaguzi watu walikuwa wanachomeana nyumba, Mzee Masese jirani yetu Mkisii alimfungua nyanya yake Madam akanipa kamba. Alisema, "Kaa naye." Akapita na watoto katikati ya majani chai mpaka upande wa Nyansiongo, na huko ndiko alijenga. Miaka kumi na saba nimekunywa maziwa ya ukoo huo. Fahali waliozaliwa nikawauza na kumtumia pesa yote. Madam ndiye amebaki, na hakuna siku umenisikia nikisema Madam ni wangu.

Sasa jiulize: hiyo sehemu ya kioo uliipa orodha iwe yake, au uliiazima tu iangalie? Ukishampa mtu ng'ombe kabisa, usirudi kesho na kibuyu. Hiyo kompaila yako inaongea kama mtu mzima. Iheshimu.

Mzee Masese ameniandikia. Anasema mwezi wa sita atakuja kututembelea na binti yake Bonareri. Ni vizuri. Ni vizuri sana.

Kaza mwendo, usisikilize wasiwasi.

Baba yako mdogo,
Benard

*

Machakos
23 Machi 2025

Kwa Baba Mdogo,

Nawasalimu nyote kwa furaha, goti la Mama Dorine nalisalimu peke yake. Hapa joto limezidi, tunalala na milango wazi. Moureen, yule rafiki yangu wa Bomet, alianguka jaribio la Februari akaenda. Tuko kumi na sita.

Baba Mdogo, ilifanya kazi! Nilikuwa nagawa orodha kabisa badala ya kuiazima. Kuazima ni kuweka tu alama hii, &, mbele ya jina. Niliweka, kompaila ikanyamaza, nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Mwalimu Orina, anayetufundisha, aliniuliza nimeelewaje ghafla, nikamsimulia kimanagan mbele ya darasa zima. Alicheka, akasema hata kwao Wakisii wazee walifanya hivyo. Sasa mtu akipata kosa hilo wanamwambia, "Umeuza ng'ombe wa watu."

Lakini usidhani nimepumzika. Tatizo la pili lilikuja siku ile ile. Kengele ilitaka kuongeza kipimo kwenye orodha wakati kioo bado kinaisoma. Kompaila ikakataa tena: wanaosoma wanaweza kuwa wengi, lakini anayebadilisha awe peke yake. Nikachoka. Nikaamua kutoa nakala ya kila kitu, kila sehemu ipate orodha yake, vita viishe. Kompaila ikakubali. Mimi nikajiona mjanja.

Mwalimu Orina akaweka kipimo kwenye maji moto. Kioo kikapanda mpaka thelathini na mbili. Kengele kimya. Kumbe kengele ilikuwa inaangalia nakala ya zamani, yenye nyuzi nne, inaona maziwa yako sawa. Nilitaka ardhi inimeze. Sasa nimejifunza kungoja: kioo kimalize kusoma, kirudishe, ndipo kengele iandike. Ni kazi ndefu lakini ni ya kweli.

Baba Mdogo, kuna jambo linanikosesha raha. Jumamosi nilimsikia Mama Dorine akimtuma mtoto wa jirani dukani maziwa ya paketi. Nikamuuliza, akasema mtandao ni mbaya, akakata. Na wewe kwenye barua yako umenieleza Madam ni wa nani, umenieleza nyanya yake, lakini hukusema anaendeleaje. Nilikuuliza. Ni mgonjwa?

Na kitu kingine. Ada yangu uliniambia ni bonasi ya majani. Chepyegon wa hapa, ambaye kwao ni Litein, anasema bonasi mwaka huu haikutosha hata mbolea.

Nijibu upesi, tafadhali.

Chepkorir

*

Kapkatet
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Chepkorir,

Salamu za Pasaka. Tuko wazima. Mvua ipo.

Nimekaa na barua yako wiki nne. Nilianza kukujibu kwamba mtoto aliyeenda kusoma asome, mambo ya boma aniachie mimi. Niliandika hivyo nikapasua, mara mbili.

Bonasi ilikuwa kidogo. Ulikuwa tayari huko Machakos, zimebaki siku tisa ada ilipwe au nafasi yako ipewe mtu mwingine, na nilimwahidi baba yako akiwa kitandani kule hospitali ya Longisa kwamba hutachuma majani ya watu. Tarehe kumi na tatu Januari nilimpeleka Madam mnadani. Alimnunua mtu wa lori kutoka mbali. Februari nilimtafuta nikampata, akasema alishamuuza mbele, hajui ni wapi.

Nilidhani nitanunua mwingine kabla mtu hajauliza. Sasa Masese anakuja.

Usilie na usifanye ujinga wa kurudi nyumbani. Nimepanga. Nimepata ngozi kwa mtu wa buchari, nyekundu yenye doa jeupe begani, karibu sawa na Madam. Nitamwambia alikufa na homa ya kupe, nimwonyeshe kama desturi inavyosema. Ngozi iko nyuma ya mlango wa stoo. Mama Dorine ameiona na haongei na mimi, na kwa mtu kiziwi hiyo unaijua kwa jinsi sufuria zinavyowekwa.

Choma barua hii.

Benard

*

Machakos
4 Mei 2025

Kwa Baba Mdogo,

Nakusalimu kwa heshima zote. Sitauliza habari za nyumbani leo, nikiuliza nitalia na karatasi iko moja.

Barua yako sikuichoma. Nilifunga begi. Nilifika mpaka kwa askari wa lango, halafu nikajiuliza nikirudi nitarudisha nini? Madam hatarudi kwa sababu mimi nimerudi. Nikapanda tena ngazi.

Siku ya jaribio sikuwa na akili. Walitupa tangi lenye lita arobaini za maziwa ya kweli. Programu yangu ilikwenda vizuri mpaka chakula cha mchana. Halafu Mwalimu Orina akachomoa waya wa kipimo bila kutuambia, kama vile panya angekata, na akatuacha tukale. Tuliporudi programu yangu ilikuwa imekufa. Kioo cheusi, baridi imezima, maziwa yameanza kuharibika. Kwa ajili ya kazi ya asubuhi sikuondolewa, lakini nilionywa kwa maandishi. Kosa lingine moja niende nyumbani.

Nikueleze kosa lenyewe, Baba Mdogo, kwa sababu nataka ulisikie. Katika Rust, ukiuliza kitu ambacho huenda hakipo, hupewi kitu chenyewe. Unapewa kama kifurushi kilichofungwa. Ndani kuna kitu, au hakuna. Kompaila inataka uandike yote mawili: kikiwepo nitafanya hivi, kisipokuwepo nitafanya vile. Mimi niliona uvivu. Nikaandika neno moja, unwrap, maana yake ni "fungua tu, najua kiko." Siku kitu hakipo, programu nzima inaanguka hapo hapo. Wanafunzi wote wanafanya hivyo wakianza, kwa sababu siku kitu kipo inaonekana ni sawa kabisa.

Sasa nimeandika upande wa "hakuna". Waya ukikatika programu inasema waziwazi haina kipimo, inapiga kengele, na inaendelea kuwasha baridi mpaka mtu aje. Ni mistari sita. Siku ile ningekuwa nayo maziwa yangepona.

Mtoto hamfundishi mzazi, najua. Unisamehe. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mzee Masese hatajua ngozi ya ng'ombe wake? Wewe mwenyewe uliniambia alikuwa akijua doa la kila ndama kijijini, na la Madam ulimwandikia kwenye barua alipozaliwa. Atatazama ile ngozi, atajua, na kwa adabu atanyamaza, na wewe utajua kwamba amejua. Utaishije na hiyo? Mwambie hayuko. Mwambie ni mimi nilimla, kama kusema ni wewe kunakushinda. Mimi siogopi tena kuonwa vibaya na Mzee Masese. Naogopa kwamba mtu aliyekupa kamba wakati ule, wakati hakuna aliyemwamini mwenzake, umwonyeshe ngozi ya buchari.

Tafadhali, Baba Mdogo. Ichome hiyo ngozi, si barua.

Chepkorir

*

Machakos
29 Juni 2025

Kwa Baba Mdogo,

Ni wiki kumi hujaandika. Mama Dorine nikimpigia ananiambia mvua, goti, mahindi, halafu anasema, "Hayo mengine muulize mwenyewe." Nimeuliza kwa barua mbili. Hii ni ya tatu. Mimi mzima.

Mtihani ulikuwa Alhamisi. Walichomoa waya, wakarudisha, wakachomoa tena, wakazima umeme. Yangu iliendelea. Tumepita tisa. Nilisoma jina langu ubaoni nikaenda kukaa chooni nikalia, kwa sababu mtu wa kwanza niliyetaka kumwambia sijui kama yuko na amani.

Mzee Masese alikuja? Ulimwambia nini? Hata kama ulimwonyesha ngozi, niambie. Kukaa bila kujua ndiko kunaniua.

Chepkorir

*

Kapkatet
13 Julai 2025

Chepkorir mwanangu,

Hongera. Nianze na hilo, lisipotee katikati ya mengine. Mama Dorine aliposoma kwamba umo kati ya tisa waliopita alitoka nje akapiga vigelegele, na mimi nilijua ni vigelegele kwa sababu kuku walikimbia. Baba yako angekuwa hai angechinja. Mahindi yamefika kifuani. Goti liko vile vile.

Walikuja Jumamosi tarehe ishirini na moja Juni. Masese amezeeka, Chepkorir. Anatembea na fimbo, amepungua, lakini kofia ni ile ile. Bonareri ni mwalimu wa shule ya msingi sasa. Alipoona sisikii kitu, alitoa daftari na kalamu kwenye mkoba, akawa anaandika maneno ya babake nasoma, ninaandika yangu anamsomea. Miaka kumi na saba hatujaonana, na tukasalimiana kwa mwandiko wa mwalimu.

Mama Dorine aliwapa mursik, maziwa ya kibuyu, aliyoomba kwa jirani. Tuliandikiana habari za watoto, za mvua ya mawe, za waliokufa. Halafu Bonareri akaandika: "Baba anauliza, Madam yuko malishoni?"

Ngozi sikuwa nimeichoma. Nikuambie ukweli, nilikuwa nimeipiga brashi asubuhi. Nilichukua kalamu nikaandika, "Alikufa." Niliandika herufi zote. Bonareri alinyoosha mkono kuchukua daftari asome, na mimi nikamkatalia. Nililivuta. Mama Dorine alikuwa amesimama mlangoni na sinia, ananitazama, na mimi nilikuwa nafikiria hiyo mistari yako sita. Nikakata lile neno. Nikaandika: "Hayuko. Nilimuuza mwezi wa kwanza nikalipia masomo ya mtoto wa marehemu ndugu yangu. Sikukuuliza."

Bonareri alisoma kimya kwanza. Halafu akamsomea mzee kwa Kikisii, polepole. Nilimtazama mdomo. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili; Mama Dorine akaweka sinia chini.

Alipoongea ilikuwa kidogo tu. Bonareri hakutaka kuandika. Alitikisa kichwa. Mzee akagonga daftari kwa kidole mara mbili, ndipo akaandika, na nikaona macho yake yana maji kabla sijasoma:

"Baba anasema hakuja kumchukua. Anasema amezeeka na alitaka kukupa Madam kabisa, awe wako, na uzao wake uwe wako. Mimi nilikuja kuwa shahidi."

Nilisoma, nikasoma tena. Mzee akaongea mara ya pili. Bonareri akaongeza mstari chini yake.

Alimaliza maziwa yake yote, kwa sababu ni mtu wa adabu. Alimshukuru Mama Dorine. Mkono alinipa. Mimi kalamu nilikuwa nayo mpaka walipofika barabarani, na hakuna nilichoandika. Ndiyo maana hukupata barua. Nimeanza hii mara nyingi.

Bonareri aliuchana ule ukurasa akaniachia. Ninao hapa mezani. Ule mstari wa mwisho unasema, "Anauliza, sasa akupe nini?"

Baba yako mdogo,
Benard